UZI: Kuweka Linux kwenye Raspberry Pi kwa memori kadi, na kwa nini wengi mnakwama kabla haijawaka

#1 Mleta uzi

Habari zenu wadau. Huu uzi nimeuahidi siku nyingi, leo umeme upo na nimetulia, naandika. Ni kuhusu kuweka Linux kwenye hivi vikompyuta vidogo vya bodi moja vinavyowaka kutoka kwenye memori kadi. Nitatumia Raspberry Pi 3 kama mfano maana ndo ninayoijua nje ndani, ninazo tatu, moja iko kwenye shule ya sekondari huku kwetu Kanda ya Ziwa inafanya kazi ya maktaba, intaneti hakuna kabisa lakini wanafunzi wanasoma Wikipedia kupitia waifai ya hiyo Pi yenyewe. Mengi nitakayosema yanafaa hata kwa Orange Pi na BeagleBone, tofauti zao tutazigusia mbele mtu akiuliza.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Karibu kila anayenitafuta amekwama anaamini shida ni Linux. Leo anaweka Raspberry Pi OS, kesho Ubuntu, keshokutwa anatafuta toleo la zamani, wiki inaisha. Ukimuuliza vizuri unakuta shida ni kitu cha kushika mkononi, yaani kadi au umeme. Kadi feki, ama waya wa chaja wa hovyo. Hivyo viwili vikikaa sawa, kazi ya kuweka Linux yenyewe haizidi nusu saa.

Kwanza tuelewane inavyowaka, maana ukijua hapa utajua pa kutafuta kosa. Pi 3 haina diski ndani. Ukiipa umeme anayeamka kwanza siyo prosesa kuu, ni ile sehemu ya chipu inayoshughulika na picha. Humo kuna kiprogramu kimechomwa kiwandani na kazi yake ni kwenda kwenye kadi, kutafuta patisheni (kipande cha kadi) yenye mpangilio wa FAT, na kuchukua faili linaitwa bootcode.bin. Hilo linaita start.elf, start.elf inasoma config.txt, kisha inapakia keneli (kiini cha Linux) pamoja na maelekezo yaliyo kwenye cmdline.txt, ndo inamwamsha prosesa. Keneli ikishaamka inakwenda patisheni ya pili, yenye mpangilio wa ext4, huko ndiko Linux inakoishi. Kwa hiyo ni kupokezana kijiti, na yeyote asipomkuta mwenzake safari imeishia hapo.

Ndo maana wale mnaokopi faili la imeji na kulipesti kwenye kadi kama mnavyopesti nyimbo, haitawaka hata mkisubiri mpaka asubuhi. Imeji ni picha ya kadi nzima, patisheni zote mbili zimo ndani yake, lazima iandikwe kwa programu ya kuandikia siyo kupesti.

Sasa kadi. Mwaka juzi nilinunua kadi imeandikwa GB 64, bei poa, pakiti yake safi imefungwa vizuri. Nikaandika imeji, programu ikahakiki ikasema sawa, Pi ikawaka. Siku ya pili nikaanza kupakia vitabu vya wanafunzi, nikaizima na kuiwasha, ikagoma. Kwenye skrini mstari wa mwisho ulikuwa huu:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(179,2)

Hiyo 179 ni namba ambayo Linux inaitambulia memori kadi, na 2 ni patisheni ya pili. Maana yake keneli imefika, imeiona kadi, lakini nyumba inayotakiwa kuingia haisomeki. Nikaandika upya, ikawaka, baada ya muda ikafa tena. Nikabadilisha mfumo, hivyo hivyo. Wikiendi yote ikaishia hapo na Jumatatu shule wananisubiri.

Ndipo nikaipima kwa f3, programu ya kupimia kadi. Kwenye Linux unaiweka kwa amri ya apt, unatoa amri ya f3write inaijaza kadi mafaili ya kupimia, halafu f3read inayasoma yote inaangalia kama yamerudi salama. Ilipomaliza ikaniambia data iliyo salama ni GB 7 na ushee, iliyobaki yote imepotea. Yaani ilikuwa kadi ya GB 8 imefundishwa kusema ni 64. Na hapa ndo pa kuelewa kwa nini inawadanganya watu wengi: imeji inachukua zile GB chache za mwanzo tu, sehemu ambayo kweli ipo, kwa hiyo uhakiki unapita bila shida. Lakini Pi ikiwaka mara ya kwanza, Linux inajitanua ijaze kadi yote, inaanza kuandika mambo yake mpaka kwenye eneo ambalo halipo, na baadhi ya kadi hizi ukiandika kupita mwisho wake zinarudi kufuta mwanzo. Hapo panaoza polepole na wewe unalaumu Linux.

Kwa hiyo kadi yoyote mpya, hata kama umeinunua duka unaloliamini, ipime kwanza ndo uandike. Wenye Windows tumieni H2testw, kazi ni ile ile. Kadi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, iache iende. Kwa Pi ya kawaida GB 16 au 32 inatosha sana, tafuta yenye alama ya A1, hiyo inamaanisha imepimwa kwa kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo ambayo ndo kazi Linux inafanya kutwa nzima. Kasi ya kurekodi video ni habari nyingine.

Umeme sasa. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5. Pi 4 inatumia USB-C, ampea 3. Watu wanachukua chaja ya simu na waya wowote uliopo. Chaja inaweza kuwa nzima kabisa, ila waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani, chaja inatoa 5 Pi inapata 4.5. Angalia taa nyekundu ya bodi: volti zikishuka chini ya 4.63 taa inazimika. Ukiiona inapepesa kila waifai inapoanza au ukichomeka flashi, acha kutafuta kosa kwenye mafaili. Kama una skrini utaona alama ya radi pembeni juu. Na ikishawaka andika:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0 uko salama. 0x50005 maana yake umeme mdogo sasa hivi unavyoongea. 0x50000 maana yake sasa uko sawa lakini tangu iwashwe kuna wakati ulishuka. Mimi hiyo ya tatu siikubali, nabadilisha waya hapo hapo, maana umeme unaposhuka kadi ikiwa katikati ya kuandika ndo mwanzo wa kuharibika.

Kuandika kadi. Shusha Raspberry Pi Imager kwenye laptopu, ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Chagua bodi yako, chagua mfumo (kwa Pi 3 yenye RAM GB 1 mimi naweka Lite, haina desktopu, kwa kazi ya seva desktopu ni mzigo wa bure), chagua kadi. Kabla haijaandika itakuuliza kama unataka kuweka mipangilio, USIRUKE HAPO. Weka jina la Pi, jina la mtumiaji na paswedi, waifai na paswedi yake, nchi weka TZ au ulipo, halafu washa SSH, yaani njia ya kuingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao. Ukimaliza hayo hutahitaji skrini wala kibodi. Ikimaliza kuandika itaanza kuhakiki, usichomoe kadi, subiri iseme imemaliza.

Ukirudisha kadi kwenye Windows itakuja meseji inasema diski inatakiwa kuformatiwa. Kataa! Windows haijui ext4, inaona patisheni ya pili kama takataka. Nimeshaona watu wanabonyeza ndiyo halafu wanarudi kusema Pi haiwaki.

Chomeka kadi kwenye Pi, halafu umeme. Taa ya kijani ikipepesa bila mpangilio ujue inasoma kadi, furahi. Mara ya kwanza ipe dakika kama tatu, inajitanua na kujiwasha upya yenyewe, wengi wanachomoa umeme hapo katikati. Kama kijani haijawaka kabisa na nyekundu ipo, haioni kitu kwenye kadi. Ikipepesa mara 4 inapumzika inarudia, start.elf haionekani. Mara 7, keneli haionekani. Skrini ikibaki na rangi za upinde wa mvua na kuganda, start.elf imepatikana ila keneli imeshindikana, mara nyingi ni imeji isiyo ya bodi hiyo.

Maswali karibuni, nitajibu kadiri umeme utakavyoruhusu.

#2 Mdau wa Dodoma

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi nilifuata video moja, nikaweka faili la wpa_supplicant.conf kwenye patisheni ya boot pamoja na faili tupu la ssh. Taa ya kijani inapepesa vizuri tu lakini Pi haionekani kwenye waifai. Na nikiichomeka waya wa mtandao kwenye rauta naipata, ila jina pi na paswedi raspberry inakataa. Kadi nimeandika mara nne sasa. Ni feki?

#3 Mleta uzi

Kiongozi kadi yako inaonekana nzima tu, video ndo ya zamani. Kuna mambo mawili yalibadilika. Aprili 2022 waliondoa yule mtumiaji pi mwenye paswedi raspberry, maana watu walikuwa wanaacha hivyo hivyo na Pi zao zinaingiliwa kutoka nje. Sasa usipotengeneza mtumiaji mwenyewe hakuna wa kuingia naye. Halafu Oktoba 2023 likaja toleo la Bookworm, waifai ikahamia kwa programu ya NetworkManager, faili la wpa_supplicant.conf ukiliweka pale halisomwi na mtu. Hata folda ya boot ukiwa ndani ya Pi ilihama, sasa ni /boot/firmware.

Ile ya faili tupu la ssh bado inafanya kazi, ndo maana imekufikisha mpaka kuulizwa paswedi. Andika upya kwa Imager ukiweka mipangilio yote mle mle. Na uwe makini, Pi 3B inashika waifai ya GHz 2.4 pekee, kama rauta yako ina majina mawili chagua lile lisilo la 5. Ukitumia hotspoti ya simu angalia nayo imewekwa 2.4, simu nyingi mpya zinaanza na 5 na Pi haitaiona kamwe.

#4 Mdau wa Dodoma

Imekubali mkuu!! Ilikuwa hotspoti, simu ilikuwa 5. Nimeingia kwa ssh moja kwa moja kwa lile jina la Pi lenye .local mwishoni. Barikiwa sana, nimehangaika siku tisa.

#5 Mdau wa Mombasa

Shukran kaka kwa uzi. Naongezea kwa wale wa Linux wasotaka Imager, amri ya dd ya kuandikia kadi yatosha ila ni kisu chenye makali. Mimi hufanya hivi: kabla sijachomeka kadi natoa amri ya lsblk, yaorodhesha diski zote, natazama. Nachomeka kadi, natoa lsblk tena. Kilichoongezeka ndicho kadi. Si kukisia. Kisha:

xzcat raspios.img.xz | sudo dd of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Ni sdb nzima, si sdb1, hapo ndipo wengi hukosea, ukiandika kwenye sdb1 unaweka picha ya kadi nzima ndani ya chumba kimoja, haitawaka. Na ukiandika sda badala ya sdb huenda umefuta laptopu yako, dd haiulizi mara mbili. Kuna kijana hapa jirani ilimtokea, picha za arusi ya dadake zilikuwa mle na hakuwa na kopi pengine. Tangu siku ile akija kwangu kuandika kadi twatazama lsblk sote wawili.

Jambo jengine, mkitumia ile adapta kubwa ya kuingizia kadi ndogo kwenye laptopu, tazameni kile kibonyezo cha pembeni. Kikiwa upande wa kufunga, kadi haiandikiki.

#6 Mdau wa Morogoro

Samahanini wakaka, mimi nina BeagleBone Black niliachiwa na mtu wa mradi wa umwagiliaji, na nimenunua Orange Pi. Hiyo ya bootcode.bin siioni kwenye kadi zake, nimekosea?

#7 Mleta uzi

Hujakosea dada, hizo hazina kabisa. Kule kupokezana kijiti ni kwa Pi, tena Pi 4 nayo hiyo hatua ya kwanza imehamia kwenye chipu iliyo juu ya bodi, bootcode.bin haihitaji tena.

BeagleBone Black ina hifadhi yake ndani, eMMC, na ukiiwasha inaanza huko hata kama umechomeka kadi. Ili ikubali kadi kuna kibonyezo kidogo juu ya bodi, kiko upande ule ule wa tundu la memori kadi. Kibonyeze, ukiwa umekishikilia ndo uchomeke umeme, zile taa nne za buluu zikianza kuwaka achia. Kuiwasha upya kwa amri ya reboot haitoshi, lazima umeme uchomolewe kabisa halafu uurudishe ukiwa umebonyeza. Watu wengi hapa wanaona kadi haifai kumbe bodi haijaiangalia hata mara moja.

Orange Pi, zile za chipu za Allwinner, kianzishi chake hakikai kama faili. Kinaandikwa moja kwa moja kwenye kadi kuanzia KB 8, kabla ya patisheni ya kwanza, kwa hiyo ukifungua kadi huwezi kukiona. Na kianzishi hicho kinatengenezwa kwa bodi moja moja, imeji ya Orange Pi One usiiweke kwenye Orange Pi Zero eti zinafanana. Nenda tovuti ya Armbian, wanaotengeneza Linux ya bodi hizi, tafuta jina kamili lililochapwa juu ya bodi yako, chukua ya hiyo hiyo. Linganisha na sha256 (ile namba ndefu ya kuhakiki faili) kabla ya kuandika, kwa bando letu hili faili linaweza kushuka nusu likajifanya limeisha.

#8 Mdau wa Morogoro

Kibonyezo kimefanya kazi, taa zimewaka na Debian imeingia. Miezi minne ilikaa kabatini kwa sababu ya kibonyezo, aisee. Asante kaka.

#9 Mwalimu wa Kigoma

Wadau shikamooni kwa wakubwa. Mimi ni mwalimu, tuna Pi 3 moja shuleni kama hiyo ya mleta uzi, tulipewa ikiwa na Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Tatizo letu ni umeme kukatika. Kadi imekufa mara mbili mwaka huu, kila ikifa tunasubiri mtu wa mjini atuletee nyingine. Halafu kuna jambo lingine, tarehe yake inakuwa ya ajabu, inasema mwezi uliopita. Je kuna namna, au hii kitu haifai kwa mazingira yetu?

#10 Mleta uzi

Mwalimu, marahaba. Inafaa, na hilo swali lako ndo nimelifanyia kazi kuliko yote, nitalijibu kwa urefu.

Kadi haifi kwa sababu umeme umekatika. Inaharibika kwa sababu umeme umekatika wakati kuna kitu kinaandikwa. Na Linux ikiachwa hivi hivi inaandika muda wote, kumbukumbu za mfumo na swapu (eneo la kadi linalosaidia RAM). Maktaba yenu kazi yake ni kusoma tu. Kwa hiyo tunaizuia isiandike kabisa.

Kwanza toa vitabu kwenye kadi. Yale mafaili ya ZIM ya Kiwix yaweke kwenye flashi ya USB, maana Wikipedia ya Kiingereza yenye picha peke yake inavuka GB 90, ya Kiswahili ni ndogo mno inaingia popote. Kwenye fstab (faili la kuorodhesha diski ambazo Linux inafungua ikiwaka) hiyo flashi iwekee ro ili isomwe tu, na nofail ili ikikosekana Pi iendelee kuwaka. Hiyo nofail msiisahau, mimi niliisahau mara ya kwanza, mwanafunzi akachomoa flashi kuweka nyimbo, kesho yake Pi ikawashwa ikakaa inaisubiri flashi kisha ikaingia hali ya dharura, hakuna waifai hakuna chochote, nikasafiri kilomita 80 kwenda kuandika neno moja.

Pili, kila kitu kikishakaa sawa, toa amri ya sudo raspi-config, nenda Performance Options, halafu Overlay File System, kubali, na patisheni ya boot nayo ikubalie isiandikwe. Washa upya. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye RAM na kinapotea ikizimwa. Umeme ukikatika kadi haikuwa inaandikwa kitu, hakuna cha kuharibika. Ya shule yetu iko hivyo tangu mwaka jana mwanzoni, inazimwa kwa swichi ya ukutani kila jioni na mlinzi, kadi ni ile ile. Ukitaka kubadilisha kitu unarudi raspi-config unazima overlay, unawasha upya, unabadilisha, unairudisha. Ukisahau kuizima utabadilisha na kesho utakuta hakuna kitu.

Tarehe sasa. Pi 3 haina saa yenye betri. Kinachofanyika ni kwamba ikizimwa vizuri inaandika saa ya mwisho kwenye faili, ikiwaka inaanzia hapo, halafu inasubiri intaneti iirekebishe. Nyie intaneti hamna, kwa hiyo inaanzia ilipoishia. Na ukiwasha overlay ndo kabisa, hilo faili haliandikwi tena, kila siku itaamka tarehe ile ile. Dawa ni kisaa kinaitwa DS3231, kina betri ya duara, kinakaa juu ya pini za mwanzo za bodi. Kwenye config.txt ongeza mstari:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

halafu ondoa kifurushi cha fake-hwclock (ndicho kinachotunza ile saa kwenye faili), weka saa sahihi mara moja, na utoe amri ya hwclock -w iihifadhi kwenye kisaa. Fanya haya kabla ya kuwasha overlay. Kwa kusoma Wikipedia tarehe mbaya haina madhara makubwa, lakini siku mkipata intaneti kurasa salama zitakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe, na mkianza kutunza maendeleo ya wanafunzi kwa Kolibri (programu ya masomo bila intaneti) mtaihitaji kabisa.

#11 Mdau wa Mombasa

Mwalimu, ongeza na hili, si ghali. Tafuta waya wa USB wa siria, ule wa volti 3.3. Nasisitiza 3.3, pini za Pi hazivumilii 5, utaiua bodi. Kwenye config.txt weka enable_uart=1. Waya wa ardhi uende pini ya 6, RX ya waya iende pini ya 8, TX ya waya iende pini ya 10, yaani zapishana, anayesema aunganishwe na anayesikia. Ule wa umeme mwekundu usiuguse, uache hewani. Kwenye laptopu:

screen /dev/ttyUSB0 115200

Hapo utaona kila neno keneli inalosema toka inaamka, bila skrini bila waifai. Kadi ikileta matata hamna haja ya kumngoja mtu wa mjini aje akisie, wapiga picha ule mstari wa mwisho watuma hapa, twakwambia ni kadi, ni umeme, au ni faili. Na mkihariri cmdline.txt tafadhalini, ni mstari mmoja tu, msibonyeze enta katikati.

#12 Mwalimu wa Kigoma

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Kisaa nimeagiza, kinakuja na basi Ijumaa. Nitaleta mrejesho.

#13 Mwalimu wa Kigoma

Wadau mrejesho kama nilivyoahidi, imechukua wiki mbili kwa sababu ya mitihani.

Kwanza nilipima ile kadi ya pili iliyokufa kwa f3 kwenye laptopu ya mkuu wa shule. Ilikuwa imeandikwa GB 32, iliyosomeka salama ni chini ya GB 4. Ile ya kwanza ni nzima kabisa, kwa hiyo iliharibika mafaili tu, nimeiandika upya ndo ninayoitumia. Tulikuwa tumeitupa kwenye droo.

Taa nyekundu ilikuwa inapepesa kama mlivyosema. Nimebadilisha waya nikatumia mfupi, mnene, imetulia, get_throttled inasema 0x0. Kisaa nimekiweka. Overlay nimewasha. Flashi ipo na nofail.

Jana umeme ulikatika saa nane mchana kidato cha pili wakiwa katikati ya somo la baiolojia, wanasoma moyo. Ukarudi saa tisa na robo. Sikugusa kitu. Taa ya kijani ikapepesa, baada ya kama dakika moja mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema mwalimu imerudi, na simu zao zikafungua ukurasa ule ule. Nimeangalia tarehe, ni sahihi mpaka dakika.

#14 Mleta uzi

Mwalimu hii habari imenifurahisha sana, sana.

Sasa kabla hujalala leo toa kopi ya hiyo kadi. Izime Pi kwa sudo poweroff, chomeka kadi kwenye laptopu, lsblk mara mbili kama alivyosema kaka wa Mombasa, kisha:

sudo dd if=/dev/sdb of=maktaba.img bs=4M status=progress

Angalia vizuri, safari hii kadi iko kwenye if na faili liko kwenye of, ukizigeuza umefuta kazi yako yote. Halafu ipitishe hiyo imeji kwenye PiShrink iipunguze, kwa sababu kadi mbili zilizoandikwa GB 32 za kampuni tofauti hazilingani kabisa, moja inaweza kupungua kidogo na imeji ikakataa kuingia. Iandike kwenye kadi ya pili iliyopimwa, ichomeke kwenye Pi uhakikishe inawaka, itoe, iweke kwenye bahasha uandike tarehe na paswedi, mpe mkuu wa shule aifungie kabatini. Siku ukiwa likizo na hii ikagoma, mwalimu yeyote anabadilisha kadi mwenyewe.

#15 Mwalimu wa Kigoma

Imeanza kukopi sasa hivi, GB 11 kati ya 32. Bahasha ninayo.